Mahari ya Sehemu ya Tatu

Jumamosi ya tarehe nane Juni, mwaka 2024, saa nne asubuhi, ndipo Salmini alipoharibikiwa. Kabla ya hapo mambo yake yalinyooka kama barabara iendayo nyumbani kwa mheshimiwa.

Alishuka Kahama kutoka Tanga na begi moja na kamera ya kuazima, akakuta mji mzima unalilia filamu ya mapenzi, *Nisubiri Nyasubi*. Kijana maskini, binti mzuri, baba katili, mvua. Wanaume wa mashimo ya dhahabu, watu wasiotoa chozi hata kifusi kikimfukia mwenzao, walitoka kwenye kibanda cha video wakijifuta kwa kofia. Salmini aliyatazama machozi yale kama mchimbaji anavyotazama jiwe linalometa.

Akatangaza kwamba amepata haki ya kuifanya tamthilia. Kapewa na nani, hakuna aliyeuliza. Mji huu ukimwona mtu ana kizibao chenye mifuko mingi, unampisha. Stesheni moja ndogo ikarusha sehemu ya kwanza, ikarusha ya pili. Stelingi alikuwa Salmini mwenyewe. Binti alikuwa Zipora, mama lishe wa mtaa wa Nyasubi, aliyeigiza vizuri kwa sababu hakuigiza: alimtazama Salmini kwa jicho lilelile la kumtazamia mteja anayeomba mchuzi mara ya tatu.

Sehemu ya tatu ilihitaji mahari. Salmini akaenda Ushetu kwa mzee Nkwabi.

Nkwabi alikuwa na ng'ombe wengi na mabinti saba. Mtoto wa kiume, hakujaliwa. Mara saba alisimama zizini akipokea ng'ombe wa watu. Kutoa, hata siku moja. Kwa Msukuma mwenye mifugo hicho ni kidonda. Salmini alikuwa amekinusa tangu mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si ndiye wewe wa kwenye televisheni, unayelialia?"

"Ndiye mimi. Natafuta baba."

"Wako yuko wapi?"

"Baba wa tamthilia. Anamtolea mwanawe ng'ombe thelathini, nchi nzima inamtazama."

"Thelathini wa kweli?"

"Kamera haidanganywi. Wanapanda lori, wanazunguka kona, jioni wako zizini kwako."

"Na utaniita baba mbele za watu?"

"Nitapiga magoti."

Kona yenyewe, bila shaka, haikuwa na mwisho. Lori lingenyoosha hadi mnadani Shinyanga, Salmini kakaa pembeni ya dereva. Kilibaki kibali cha kusafirisha mifugo, nacho kiko kwa Mtendaji wa Kata, bwana Theonest. Mwananchi akienda pale ataambiwa mhuri umefungiwa, mwenye ufunguo yuko semina. Kuna mtu aliusubiri mhuri ule siku tatu, upigwe kwenye barua ya kumpeleka mkewe hospitali. Siku ya nne hakuuhitaji tena. Salmini alisema neno moja tu: "Mheshimiwa, nimekuandikia nafasi ya Mkuu wa Wilaya." Mhuri ukapigwa mara mbili, ya pili kwa furaha.

Ijumaa mchana dereva wa lori akakaa kula kwa Zipora.

"Jaza, dada. Kesho nina safari ya mnadani Shinyanga."

"Umebeba nini?"

"Ng'ombe thelathini wa prodyuza."

Zipora akashika upawa. Alimwongezea nyama, jambo ambalo Nyasubi halijawahi kuonekana, kisha akampigia simu baba yake mdogo, Masalu. Salmini alikuwa amemwambia Zipora alete wazee wowote wa kukaa upande wa bibi harusi, malipo soda.

"Baba, kesho naolewa. Njooni wote, na fimbo zenu."

Asubuhi walifika zizini kwa Nkwabi, kumi na wawili. Hawakuangalia kamera. Walikagua ng'ombe mmoja mmoja: meno, kwato, alama ya sikio.

"Huyu anakohoa," akasema Masalu. "Tolea huko."

"Anakohoa wapi? Vumbi hilo!" Nkwabi alibisha, jasho linamtoka, na tangu azaliwe hakuwahi kufurahi vile. Akambadilisha. Wakamkataa mwingine, akabisha tena, akambadilisha tena. Saa nzima ikapita.

"Wazee, inatosha, picha imeshapatikana," Salmini akanong'ona.

"Nyamaza," akasema Masalu. "Bwana harusi hana mdomo kwenye mahari."

Nkwabi akasimama katikati. "Ng'ombe hawa nawatoa kwa ajili ya mwanangu huyu."

"Tumewapokea," akasema Masalu. Vigelegele vikapasuka. Salmini akapiga magoti kama alivyojiandikia, akaita "Baba!", akalia vizuri kuliko siku zote. Kilio kile ndicho kilichommaliza.

"Haya, pakieni kwenye lori!"

"Lori la nini?" akauliza Masalu. "Mahari ina miguu." Wazee wakawaswaga ng'ombe kuelekea kwao, vumbi likainuka.

"Jamani, ulikuwa mchezo! Tulikuwa tunapiga picha!"

Theonest, ndani ya suti yake ya Ukuu wa Wilaya, akasogea. "Picha iko wapi?"

Kamera ikafunguliwa. Haikuwa na kadi. Mtu hanunui kadi ya kurekodi wizi wake mwenyewe.

Salmini akamgeukia Nkwabi. "Mzee, wakimbilie! Ng'ombe wako wanaondoka!"

"Waende. Nimetoa."

"Utakufa maskini!"

"Nina mwana. Twende nyumbani, ng'wana wane, mwanangu, kuna tumbaku ya kufunga marobota."

Tamthilia iliishia hapo. Stesheni ikatangaza hitilafu za kiufundi. Salmini alitoroka mara mbili, na mara zote mbili sungusungu, walinzi wa kijiji, walimrudisha kwa heshima: "Mzee, kijana wako kapotea njia." Mwishowe akashtaki kwenye Baraza la Kata kwamba mahari ile ulikuwa mchezo, aachiwe aende zake, viganja vimeota sugu.

Zipora alikuja na mwiko mkononi.

"Wazee, mimi nauliza tu. Kama ulikuwa mchezo, lori lilikuwa linakwenda mnadani Shinyanga kuigiza nini, tena kwa mhuri wa kweli? Na kama ilikuwa kweli, basi huyu ni mume wangu. Akalime. Nikimhitaji nitamwita."

Salmini akisema mchezo, ni mwizi wa mifugo. Akisema kweli, ni mtoto wa Nkwabi. Watu wote wakamtazama Theonest, mwenye mhuri. Theonest akatazama saa.

"Suala hili," akasema, "linahitaji ngazi ya juu."

Jalada likapanda wilayani, likarudi na maelekezo kwamba liambatanishwe picha. Likapanda tena. Huko juu vikao vinakaa, posho zinaliwa, chai inanywewa kwa maandazi. Kwa Masalu ng'ombe wanne wameshazaa. Ushetu, Nkwabi anamtambulisha mwanawe kwa kila mpita njia, na mwanawe anaitikia, maana sungusungu wako karibu.

Sasa semeni, ninyi mnaokaa na mihuri: siku ile ulikuwa mchezo, au ilikuwa kweli?