Nilivyoinyamazisha Tovuti ya Shule

Jumatatu, 8 Juni 2009

Naandika kwa Kiswahili nilichosomea Eldoret wakati wa vita. Hapa nyumbani, mtaa wa Juba Na Bari, hakuna mwingine anayekisoma. Siri zangu ziko salama.

Siri ya kwanza: lazima nipate tovuti ya shule! Madam Chepkoech anakwenda likizo kwao Kericho. Ijumaa, mbele ya wazazi, atamkabidhi msichana mmoja neno la siri ili aitunze tovuti hadi yeye arudi. Tumebaki wawili, mimi na Nyadak. Madam aliijenga tovuti hiyo peke yake, kwa mtandao unaotambaa. Anachapa bila kutazama vidole! Hata mwendo wake nimeanza kuuiga.

Tatizo ni ujumbe mwekundu juu ya kila ukurasa: "Toleo jipya la mfumo linapatikana." Abuna Fulgensio, padri na mkuu wetu wa shule, anadhani tovuti inaumwa. Kila asubuhi anauliza kama imepata nafuu. Madam anasema kulipakua toleo jipya hapa ni kazi ya siku mbili, kwa hiyo tuufiche ujumbe huo. Huo mmoja tu. Kazi amenipa mimi!

Jumanne, 9 Juni

Madam amekwenda Nesitu kufundisha walimu hadi Alhamisi. Ameniachia karatasi ya hatua saba: unauandika ujumbe usioutaka, huo unafichwa, mingine inaendelea kuonekana. Saba! Nimegundua njia ya hatua moja. Nimefungua faili la tovuti, nikafuta mstari unaoonyesha kisanduku chote cha ujumbe. Ukurasa mweupe kama shuka la Pasaka.

Abuna alichungulia, akasema hamdulila, imepona. Nyadak akauliza kama niliisoma karatasi hadi mwisho. Wivu!

Jumatano, 10 Juni

Tumechapa hadithi kumi na mbili za kuwaonyesha wazazi. Kila mtu alibonyeza "Hifadhi" mara kadhaa, hadithi ikabaki palepale kwenye skrini, kimya. Nyadak alilalamika kwamba zamani tovuti ilikuwa ikijibu. Nikamwambia tovuti yenye adabu haipigi kelele. Darasa zima lilicheka. Yeye akabonyeza tena mara nne, kama anayebisha hodi. Kisha akalifunga vizuri daftari alimoandika hadithi yake kwanza. Daftari! Katika mwaka huu!

Alhamisi, 11 Juni

Nimefanya mazoezi ya hotuba ya shukrani. Imefika dakika tisa. Siwezi kupunguza neno.

Ijumaa, 12 Juni

Ole wangu.

Wazazi walijaa hadi mlangoni. Madam akafungua tovuti ukutani kwa projekta. Hadithi hakuna. Hata moja!

Hakupandisha sauti. Alifungua faili, akatazama kama daktari, akaurudisha mstari wangu. Basi ujumbe wote uliozuiwa tangu Jumanne ukamwagika: "Makala haikuhifadhiwa. Jaza sehemu ya darasa." "Makala haikuhifadhiwa. Jaza sehemu ya darasa." Mara hamsini na tatu! Tovuti ilikuwa ikituambia muda wote, nami nilikuwa nimeiziba mdomo. Juu kabisa, ule mwekundu. Abuna alishika kifua, akasema maskini, imezidiwa.

Nyadak akasimama na daftari lake. Akasoma hadithi ya shangazi yake aliyerudi kutoka ukimbizini na cherehani kichwani, akawashonea sare watoto aliowakuta hawana. Mama yangu alilia. Nami pia. Ni hadithi nzuri kuliko yangu, na ninaiandika sentensi hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Neno la siri akapewa Nyadak. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akaninong'oneza kwamba mimi si fundi, ni mfagiaji. Kisha akanisogezea kiti nikae karibu naye.

Madam aliniita kando. Akasema nina mikono myepesi na jicho zuri, ila nisimnyamazishe anayenionya kwa sababu tu sauti yake inaudhi. Akirudi atanitazama tena. Atanitazama tena!

Jumamosi, 13 Juni

Nimeyatafakari maneno ya Madam nikifua sare. Hekima tupu. Nimeyaandika ndani ya jalada.

Sasa, anasafiri Jumanne. Lazima aondoke akinikumbuka kwa wema. Jumatatu atasahihisha mitihani chumba cha nyuma, karibu na jenereta, na jenereta ina kitu kinacholia pii, pii, pii bila kupumzika. Kitamuumiza kichwa. Fred, mwangalizi wa jenereta, anasema kinadai oili na kisiguswe hadi oili iletwe.

Nimekwenda kukitazama. Kina waya mmoja tu. Mkasi ninao.