"Voy a," Asema Limbert Wangu

Jumanne, Januari 23
Wiki ya tatu ya ndoa. Raha iliyoje! Jana jioni Limbert alinishika mkono akaniambia tena: voy a. Naenda. Ndivyo anavyoanza kila ahadi. Naenda kukujengea nyumba. Naenda kuezeka bati jekundu. Naenda kuacha bia. Mji wetu wa El Alto, Bolivia, hauna mume mwenye mipango kama wangu! Kwa sasa tunalala chumbani kwa mama mkwe, Doña Eulogia, pazia katikati. Tukicheka, anakohoa. Leo amesema mwanawe anaenda-enda tangu shule ya msingi na hajafika popote. Wivu! Lakini nina hila. Kesho ni sikukuu ya Alasitas.

Jumatano, Januari 24
Ushindi! Adhuhuri, watu wote wameinua vitu vyao vidogo vifukizwe ubani: vigari, vinoti, vijumba. Unachokibariki leo, mwaka huu unakipata kikubwa. Mimi nilinunua kijumba cha plasta, bati jekundu. Sikumpa Limbert mwenyewe, mimi si mjinga! Nilimpa Don Fructuoso, msimamizi wa ndoa yetu, amkabidhi mbele za watu. Nani atamkatalia msimamizi? Don Fructuoso akamuuliza, haya kijana, ya kweli lini? Limbert akakipokea kijumba. Akaapa: voy a, kabla ya Alasitas ijayo. Nililia kwa furaha. Naye alilia. Nadhani ni moshi.

Ijumaa, Januari 26
Balaa. Limbert hali chakula. Anasema kibarua chake cha matofali hakijengi hata choo, na neno ulilompa msimamizi halirudi. Kwa hiyo anaenda Chile, kwenye mashamba ya zabibu. Jumapili! Mama mkwe akanirukia: haya bibi harusi, umemfukuza mwanangu kwa plasta! Nilishapanga. Kitambulisho chake nimekipenyeza ndani ya kijumba kwa chini, nikaziba kwa gundi. Bila hicho, mpakani hapiti. Mimi ni hatari!

Jumapili, Januari 28
Ameondoka. Hata kitambulisho hakukitafuta sana. Amesema kuna njia ya miguu jangwani, wengi wanapita. Koti lake jepesi. Akanibusu, akaniambia naenda kukupigia simu. Nilitaka kumwambia kilipo. Nilipokuwa bado natafuta pa kuanzia, basi likaondoka.

Jumanne, Februari 6
Amepiga! Sauti yake, jamani. Baridi ya jangwani imeua vidole viwili vya mguu, wamevikata. Mashambani hawamwandiki bila kitambulisho. Anapakia vitunguu sokoni, ujira wake sahani ya chakula. Mama mkwe alisikia yote. Nilipokimbilia kijumba nikikumbatie, akaninyang'anya, akakipiga sakafuni. Kitambulisho kikaanguka, picha juu. Hakunitukana. Alikifuta vumbi kwa sketi, akakitia kifuani, kisha akaling'oa pazia. Sasa ananitazama tu. Wala hakohoi.

Lakini kabla simu haijakatika, Limbert alisema: voy a volver. Naenda kurudi. Niliyeyuka! Pasaka, alisema. Ila mume wangu namjua, bila kusukumwa kidogo hatoki. Kesho nampelekea Don Fructuoso katoni ya bia, ampigie na kumwapisha mbele za watu. Vidole vinane vimebaki, na njia ya jangwani sasa anaijua.