Mimi ni Mtu wa Kudisko

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Kuanzia Sekei mpaka kileleni Meru hakuna kijana mwenye akili kunizidi. Kileleni nimepaweka kwa heshima tu, kule hakai mtu. Ushahidi? Vyuo vikuu viwili vinanigombea. Viwili! Mimi, Melkizedeki, niliyeambiwa na mwalimu wa kidato cha sita kwamba kichwa changu kinafaa kubebea ndoo. Divisheni ya tatu nimepata, tena ile ya mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Lakini ndani ni ndani.

Baba hajafurahi. Huyu hafurahi mpaka auze bati. Kasema nichague chuo kimoja kabla ya Misa ya Jumapili, na nichague kwa masomo. Nisipochagua, Jumatatu naanza kazi dukani kwake Kimandolu, kupima misumari kwa kilo. Misumari! Na mikono hii!

Masomo ni yale yale popote, mmoja anaongea na wengine wanaandika. Mimi nachagua maisha. Bweni, muziki, msosi, na warembo wa kukaa nao kwenye nyasi. Vyuo nimeshavipa majina. Kimoja ni Chuo cha Migomba, cha kanisa, njia ya Momela. Cha pili ni Chuo cha Ghala, kipya, cha tajiri aliyenunua ghala la kahawa la ushirika serikali ilipoanza kuuza kila kitu. Wamelipaka rangi ya bluu. Bomba!

Jioni kapita jirani yetu Koikai na kidumu cha maziwa. Tumesoma darasa moja. Kanizidi maksi, lakini maombi yake yalichelewa kwa sababu alikuwa machungani na ng'ombe wao, kwa hiyo Chuo cha Migomba kimemweka akiba. Wa kwanza kwenye akiba. Kaniomba taratibu kwamba nikikiacha nimwambie mapema. Nimemjibu aendelee kukamua, nikimhitaji nitapiga filimbi. Kacheka. Hajui kukasirika, inaudhi sana.

Jumanne, 7 Agosti

Ukaguzi wa Chuo cha Migomba. Nimevaa koti la Baba la Pasaka nijifanye mzazi anayemtafutia bintiye chuo. Mpango safi.

Kanipokea Sista Susana, mlezi wa wanafunzi. Kaniuliza binti ana miaka mingapi. Nikasema kumi na tisa. Kanitazama ndevu zangu, zote nne. Kasema basi nilioa mapema sana, nikiwa bado tumboni. Nikakohoa.

Niliyoyaona: nyasi zipo, lakini kuna bango la kukataza kuzikanyaga. Mbega ni wengi kuliko wasichana. Muziki ni kinanda. Jumanne ni makande, na Alhamisi pia ni makande, ila Alhamisi yana karoti. Mgeni wa kiume bweni la wasichana anaishia kwenye ua wa maua, na nyuma ya ua kuna mbwa. Nimekutana naye. Koti la Baba sasa lina mfuko mmoja.

Mlima unaonekana vizuri, hilo sikatai. Lakini mlima hata kwetu unaonekana, tena bure, nikiwa chooni.

Jumatano, 8 Agosti

Leo ndiyo leo! Nimekwenda kwa Shangazi Pudensiana kumwona binamu yangu Stanley, yuko mwaka wa pili Chuo cha Ghala. Nimemkuta kibarazani kajifunika blanketi saa sita ya mchana, ndevu kama brashi ya viatu. Nimemuuliza maisha ya pale yakoje.

Kavuta pumzi ndefu. Kasema, Melki, we acha tu. Pale watu wanadisko mpaka basi. Muhula uliopita nusu ya darasa wamedisko. Mwaka wa kwanza ndio wanaongoza, wengine wanadisko hata hawajazoea vitanda. Kwenye hesabu ndiyo usiseme, mwalimu anawadiskosha mwenyewe, kwa mkono wake.

Mwalimu! Kwa mkono wake! Mimi nimesoma kwa walimu wenye fimbo, na kumbe duniani kuna mwalimu anayekupeleka disko!

Tena kuna utaratibu. Stanley anasema hawadisko hivi hivi. Kwanza unakula sapu. Yaani supu, wao wanaitamka kizungu. Yeye mwenyewe alikula tatu. Tatu! Halafu majina yanabandikwa ubaoni, ndipo unajua kama umo. Yake yanatoka Jumamosi, na anahisi safari hii anadisko kweli. Kasema hivyo huku machozi yanamlenga. Furaha hiyo. Au uchovu.

Kuna neno hapo lilikuwa linanikwaruza kidogo, lakini mtu mwenye vyuo viwili haulizi maneno. Nikatikisa kichwa kama mzoefu. Nikamwambia na mimi nitadisko, tena muhula wa kwanza. Kanitazama sana. Kasema Mungu apishe mbali. Wivu!

Alhamisi, 9 Agosti

Nimerudi Chuo cha Migomba, bila koti. Mimi ni mtu wa haki, nilitaka kuwapa nafasi ya mwisho.

Nikamuuliza Sista Susana bila kuzunguka, je, hapa watu wanadisko? Kashika rozari. Kasema tangu chuo kifunguliwe wamedisko wawili tu, na siku ile chuo kizima kililia. Wanafunzi walisali novena. Siku hizi wakimwona mtu dalili zimeanza, wanamweka chini, wanamshauri, wanakaa naye mpaka anapona.

Novena! Kwa sababu ya watu wawili kucheza! Nikaona giza.

Nikaingia moja kwa moja kwa msajili, Bwana Lemomo, mzee mwenye miwani. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nafasi yangu siitaki, wampe mwingine. Kauliza sababu. Nikasema, mzee, sitaki kuwapotezea muda, mimi ni mtu wa kudisko. Kavua miwani. Kasema kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, hajawahi kupata kijana anayejijua namna hii. Kasimama kunipa mkono. Kasema laiti wote wangekuwa wakweli kama mimi.

Nimetoka pale nimevimba kama andazi.

Nikapita kwa akina Koikai kumpa habari, kwa mbwembwe. Nikamwambia, mchungaji, nimekuachia mabaki yangu. Kaweka ndoo chini. Kanipa kidumu kizima cha maziwa. Nikamwambia Sista ana karoti kila Alhamisi. Hakuelewa utani.

Ijumaa, 10 Agosti

Siku ya raba. Nimepata nyeupe, za mitumba, sokoni Kilombero. Ya kushoto inabana, ya kulia inapiga miayo, lakini nikizunguka haraka haionekani.

Nikamwonyesha Naisiae. Sijamwandika humu bado kwa sababu kila nikimwandika mwandiko unaharibika. Tumesoma wote. Mpango wangu wote huu, sawa, tuseme nusu yake, ni kukaa naye kwenye zile nyasi. Nikamwambia naingia Chuo cha Ghala na nitadisko kabla ya Krismasi. Kacheka mpaka kaketi juu ya gunia la mkaa. Kasema, Melki, wewe kwa hilo nakuamini kabisa.

Ananiamini!

Halafu kasema yeye kachagua Chuo cha Migomba.

Nikatazama raba. Nikamuuliza kwa nini, wakati kule hakuna maisha. Kasema kule ukishindwa somo kuna wa kukushika mkono. Sikumwelewa. Nani anataka kushikwa mkono na Sista Susana?

Sijali. Wikiendi atakuja mwenyewe kunitazama nikidisko.

Jumamosi, 11 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mchana dada yangu Kandida kaniita, kasema tuwahi kwa Shangazi, majina ya chuo cha Stanley yametoka. Nikavaa raba. Nikavaa na shati lenye maua. Kandida kaniangalia, kasema huoni hata aibu. Nikasema aibu ya nini, sherehe ni sherehe.

Tukaingia. Kina mama wamekaa chini kwenye mikeka, kanga mabegani. Jirani kaleta kilo ya sukari. Baba yupo kwenye kochi, kofia magotini. Stanley kwenye kona, kajifunika lile lile blanketi. Nikamuuliza mmoja wa wale mama kuna nini. Kanong'ona kwamba Stanley amedisko.

Nikarukia katikati ya mikeka! Nikapiga vigelegele, mimi mwanaume. Nikamshika Shangazi mikono yote miwili, nikamwambia hongera, mama, umezaa! Nikamwambia na mimi nitamfuata, nitadisko muhula wa kwanza, nitakula sapu nne kumshinda! Nikazunguka mara moja kuwaonyesha.

Raba ya kulia ikatoka. Ikampata jirani wa sukari.

Kiatu cha Baba nacho kikatoka. Hicho kikanipata mimi.

Kandida ndiye aliyenivuta nje. Kaniambia kwa sauti ya kumwambia mtoto kwamba kudisko ni kufukuzwa chuo, umefeli, unarudi nyumbani na godoro lako. Na sapu si supu. Sapu ni mtihani wa kurudia.

Nikakaa kwenye ngazi, mguu mmoja soksi. Nikakumbuka mkono wa Bwana Lemomo.

Jumapili, 12 Agosti

Mpango wa mwisho, wa kishujaa. Niwahi kwa Koikai kabla ya Misa, nimwambie ilikuwa utani, anirudishie nafasi yangu. Nilijipanga njia nzima. Nianze kwa ukali, kisha huruma, kisha kama ikibidi, magoti.

Nafika, mbuzi ameshachinjwa. Ndugu wamejaa uani, wengine wameteremka tangu alfajiri. Koikai kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Kabla sijafungua mdomo mama yake kanishika. Nikainamisha kichwa kumsalimia, kama desturi yao. Mama yule ni Mlutheri wa mbele kabisa kanisani, lakini mambo yakiwa mazito anarudi kwa bibi zake. Akanitemea mate utosini, psu, psu, baraka kamili. Akawaambia watu wote, huyu ndiye mtoto aliyefunga mlango wake ili wetu ufunguke. Kasema ng'ombe mmoja alikuwa auzwe Koikai akasomee mbali. Sasa hauzwi tena. Wazee wakaitikia kwa Kimaasai, sikuelewa, lakini nywele zilisimama.

Nilikwenda kunyang'anya. Nimerudi nimebarikiwa, na mkononi nina paja la mbuzi. Magoti nilisahau kabisa kuyatumia.

Koikai kanisindikiza mpaka njiani. Kasema hatanisahau, kaka. Nikamjibu ole wake asahau. Nikang'ata lile paja ili nisiseme zaidi.

Baada ya Misa Baba kaniuliza: Chuo cha Ghala au misumari? Hakuuliza kwa upole. Nikasema Ghala. Kasema siku nitakayodisko, nisipite nyumbani, nipite dukani moja kwa moja, mzani utakuwa unanisubiri.

Jumatatu, 1 Oktoba 2001

Nimeripoti tangu wiki iliyopita! Chuo cha Ghala! Mvua imenyesha na darasa linanuka kahawa. Kitanda ni cha juu, na aliye chini anaimba usingizini.

Naisiae na Koikai wako Migomba. Kandida anasema wanakaa pamoja kwenye nyasi. Bango lile limeondolewa.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa, nimeshagusa mambo ya ndani. Juzi kaka mmoja wa mwaka wa tatu kanipa siri ya pale. Kasema mdogo wangu, hapa kama hutaki kudisko, dawa ni moja, kupiga msuli. Piga msuli kila siku. Watu wote wanapiga msuli maktaba, hasa mitihani ikikaribia.

Chuo gani hiki chenye vyuma ndani ya maktaba! Nimefurahi mno. Nimekwenda dukani kwa Baba, nimechukua makopo mawili ya rangi, nikayajaza zege, nikayaunga kwa bomba. Mazito kweli kweli. Mlinzi wa maktaba kaniuliza hivi vya nini. Nikamwambia asijifanye hajui.

Nimekaa humu tangu saa nane. Fulana ya mikono mifupi. Wote wameinama kwenye vitabu, hakuna aliyenyanyua kitu kizito kuliko kalamu. Nadhani wananisubiri nianze.

Nakiri jambo moja, na nalikiri humu tu. Hakuniharibia Stanley, wala Sista, wala Koikai. Siku ile kibarazani kwa Shangazi neno lile sikulijua. Mdomo wa kuuliza nilikuwa nao, nikaona haya. Hilo tu ndilo lililoharibika, na mengine yote yalitoka humo.

Ningeweza kumuuliza huyu dada wa mbele yangu msuli unaanza saa ngapi. Lakini kayatazama makopo, kisha kanitazama mimi, na naona ameingiwa na heshima. Siwezi kujishusha sasa.

Nasubiri waanze.