Umiliki wa Maisha, Lakini Maisha ya Nani?

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Michezo ya Kompyuta.

Mheshimiwa,

YAH: MCHEZO WA TRENI ULIOTANGULIA MBELE YA HAKI

Nakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu ana maoni tofauti. Mchana mimi ni mwalimu wa udereva, jioni ni stesheni masta. Ustesheni masta wenyewe ni wa kwenye kompyuta, katika ule mchezo wa zamani wa treni ambao dukani kwenu una kitufe kilichoandikwa "Nunua. Umiliki wa maisha." Kitufe hicho nilikibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, kwa furaha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimenunua kompyuta mpya, na mchezo umegoma kufunguka. Kompyuta inadai eti programu ni ya zamani mno. Shemeji yangu, fundi simu aliyenichagulia kompyuta hiyo, aliniapia kwamba ina kumbukumbu kubwa ajabu. Kumbukumbu gani hiyo isiyokumbuka mambo ya juzi tu?

2. Shemeji huyo alichokonoa chokonoa hadi mchezo ukafunguka, ila ulifunguka ukiwa na wazimu. Anasema mwendo wake hufuata kasi ya kompyuta, na hii yangu ina kasi ya kutisha. Treni ya asubuhi ilitoka stesheni ya kwanza, ikazipita zote bila kusimama, ikaigonga ya jioni kabla sijavuta kiti. Abiria walipanda, wakashuka, wakalalamika, mimi bado naitafuta miwani. Mimi ambaye kazi yangu kutwa ni kupiga kelele "Punguza mwendo!" niliaibika mbele ya watoto wangu. Kisha mchezo ukajifunga na haukufunguka tena.

3. Nilipowaandikia, mhudumu wenu alinijibu kwa upole kwamba neno "maisha" halikuhusu maisha yangu, bali maisha ya mchezo, nayo yamekwisha. Akaongeza kwamba sikununua mchezo, nilinunua leseni tu. Mheshimiwa, nilikuwa nakula, nikaacha. Leseni ndiyo kazi yangu. Sijawahi kumpongeza mwanafunzi kwa kupata leseni kisha nikamwambia barabara imestaafu.

4. Kama kweli umekufa, basi tuufanyie inavyostahili. Naomba cheti cha kifo chenye mhuri, kwa sababu mkuu wa chuo chetu cha udereva amekataa kunipa likizo ya msiba kwa maneno matupu. Naomba pia nitambuliwe kuwa mrithi, maana mimi ndiye niliyekuwa nao hadi dakika ya mwisho.

5. Sasa nakuja penye kidonda. Mke wangu naye hucheza. Jina lake liko juu kwenye orodha ya washindi na langu liko chini yake, basi ananiita Makamu. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nimpite, na hiyo kompyuta mpya niliinunua makusudi ili nimpite haraka zaidi. Cheka, Mheshimiwa, nyumbani wameshacheka. Jina limetoka sebuleni limefika kazini. Jana mwanafunzi aliyepanda juu ya ukingo wa barabara aliniambia, "Samahani sana, Makamu." Inaniuma, sifichi. Nataka nimshinde mke wangu mara moja tu, nilale.

6. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Waombeni watengenezaji wote wa kompyuta duniani warudi nyuma kidogo, kwa muda tu, hadi nimalize mchezo wangu. Hospitali, benki na viwanja vya ndege wavumilie. Nikishamaliza nitawajulisha, na dunia iendelee pale ilipoachia.

Nisalimie wahudumu wote hapo dukani, hasa yule aliyenieleza maana ya maisha. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi nisiyechoka kusubiri jibu,
Mwalimu wa Udereva,
Mmiliki, mpaka mtakaponiambia vinginevyo.

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, mke wangu aliipitia kusahihisha makosa, akaniuliza, "Kwani ile kompyuta ya zamani si ulimpelekea mama?" Ni kweli, nilimpelekea mama mkwe kwa mbwembwe zote, nikaona nimetupa takataka kwa heshima. Tumetoka huko sasa hivi. Mchezo unafunguka vizuri kabisa, na treni zinakwenda kwa adabu. Juu ya orodha kuna jina la mama mkwe. Mke wangu ni wa pili. Mimi wala sikuulizwa nilipo. Mama mkwe alinivutia kiti, akaniambia, "Kaa hapa mwanangu nikufundishe, wewe una papara." Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu. Nimeisoma leseni upya, mko sahihi kabisa: mchezo si wetu, ni mali yenu halali. Njooni muuchukue leo hii kwa mama mkwe, nyumba nitawaonyesha mimi mwenyewe.