Kiti cha Abril na Njama za Élida

Jumatatu, Januari 6
Mjukuu wangu Abril yuko mbioni kusema neno lake la kwanza. Neno hilo litakuwa Tata, yaani babu, yaani mimi. Sina mjukuu mwingine! Lakini Élida, mama yake Yamandú mume wa binti yangu, ana yake moyoni. Kila tukitoka, mimi naendesha, yeye anajibanza nyuma kando ya mtoto, ananong'ona. Nikimwuliza anasema anaimba. Kuimba gani huko!

Jumatano, Januari 8
Dawa imepatikana. Wenzangu walipolala mchana, nikakihamishia kiti cha mtoto mbele, kando yangu, mgongo wake kwenye dashibodi. Kwenye kikinga jua kuna karatasi ya njano: picha ya kiti cha mtoto, imekatwa kwa mstari mwekundu. Nani kaibandika kama si Élida? Nikaibandua.

Alhamisi, Januari 9
Balaa! Binti yangu Noelia kaona. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema pale mbele kuna mfuko wa hewa. Gari likigonga, unafumuka kufumba na kufumbua, unakipiga kiti mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko papo hapo. Akauliza, baba, unataka kumuua mwanangu? Nilikaa kwenye ngazi nikamkumbatia Abril mpaka akalia. Élida akaniletea maji. Mbona alikuwa nayo tayari?

Ijumaa, Januari 10
Nimekwenda kwa Nelson fundi nikamwambia aung'oe mfuko. Alicheka mpaka spana ikamdondoka. Akasema, "Mzee wangu, ule unamwokoa mtu mzima. Mtoto mrudishe nyuma, yaishe." Nyuma! Wimbo ule ule wa Élida. Nimechunguza: Nelson hununua mikate mtaani kwa Élida. Kumbe!

Jumamosi, Januari 11
Kesho tunakwenda Piriápolis kula nyama choma. Nimetangaza kwamba kiuno kinauma, Yamandú ataendesha. Kisha nikampa Élida kiti cha mbele, kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani, na chupa ya maji moto. Anayekaa mbele ndiye anayemmiminia dereva njia nzima, na mmiminaji hana nafasi ya kunong'ona. Machozi yalimlengalenga. Alisema hajawahi kuheshimiwa hivyo. Mnafiki mkubwa!

Jumapili, Januari 12
Asubuhi, ushindi. Kiti kiko nyuma, salama, nami kando yake. Noelia upande wa pili, amelala fofofo. Nikamwambia Abril: Tata. Mara mbili, tatu. Kisha nikamfungua macho. Nikamwonya, jihadhari na Élida. Élida ana hila. Élida hivi, Élida vile, mpaka Piriápolis. Yerba sikuonja hata tone, kila kibuyu kilikwenda kwa Yamandú. Njama tupu.

Tukashuka. Nyama ziko motoni, jamaa wamejaa. Abril akanikazia macho, akafumbua mdomo.

"Lida!"

Makofi! Élida akabubujikwa na machozi. Noelia akaniuliza, baba, huko nyuma mlikuwa mnaongea nini nyie? Nikaenda kugeuza nyama. Nimeumia, sikufichi.

Jioni yote nimewaza. Njia nzima hakuna aliyezungumza na mtoto ila mimi. Sasa jina lile kalitoa wapi? Halafu nikakumbuka: mbele ya kiti chake kimebandikwa kioo kidogo, eti cha kumwangalia mtoto. Élida alikuwa akimwashiria humo!

Kesho nakibandua.