Penseli Nyuma ya Mlango wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua! Kuanzia leo mimi ni fundi wa kisasa. Vifaa: bei ya dukani, juu yake asilimia thelathini. Kazi ikipita saa kumi jioni: malipo ya ziada, saa moja nahesabu moja na nusu, na hata dakika chache nahesabu saa nzima. Nimeandika yote kwenye kipande cha boksi na kukitundika karakanani.

Marehemu Baba hakuwa na boksi. Alimtajia mteja bei ileile ya dukani, na ya ufundi wakapatana wakinywa chai. Ndiyo maana alituachia randa moja, nyundo mbili na heshima. Heshima hailipi kodi. Msumari, aliyefundishwa na Baba kwenye benchi moja na mimi, siku hizi ana pikipiki. Nasikia yeye anaongeza asilimia ishirini. Ishirini tu! Nitampita.

Mke wangu alisoma boksi akauliza mbona nimesahau ada ya kupumua. Nimeiweka akiba.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu mstaafu amenipigia simu. Milango ya kabati lake la jikoni imelegea. Huyu bibi ndiye mteja wa mwisho wa Baba aliyebaki kwangu. Wengine wamehama, wamefariki, au wamekwenda kwa Msumari, na sijui lipi linauma zaidi. Naye akiniacha, jina la Baba limekwisha mtaani. Tena ana madirisha sita yanayooza. Lazima niyapate.

Nimenunua bawaba nne, mia nne kila moja. Kwa Mwalimu: mia tano na ishirini. Kweli ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la nne, lakini sasa anatafuta miwani huku ameivaa.

Nikaenda kwake, nikafungua kabati. Nyuma ya mlango, mwandiko wa Baba, kwa penseli: bawaba ngapi, bei ya dukani, tumemaliza saa nane, ahsante Mwalimu. Nilikuwa nimesahau! Kila kazi aliandika hivyo mahali pa kujificha, akilamba ncha ya penseli kwanza. Mimi na Msumari tulishikilia mlango kwa mabega, tukigombea nani atasoma kwa sauti kuangalia kama kuna kosa. Macho yakalowa. Nikamwambia Mwalimu ni vumbi la mbao. Akaniuliza vumbi gani, nami sijakata hata ubao mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekwenda haraka mno. Balaa! Baba alitufundisha tusikawie jikoni mwa watu, maana mwenye nyumba anataka kupika, na mikono ikazoea vibaya. Saa tisa na nusu milango imenyooka, inafunga kimya. Nikalegeza skrubu moja, nikaikaza. Nikailegeza tena. Chai vikombe vitatu. Saa kumi na dakika tano nikatangaza kwa sauti kuwa sasa tumemaliza. Dakika tano za ziada, kwa kanuni ya boksi, ni saa nzima.

Nikampa ankara. Akaikunja bila kuisoma, akasema nirudi kesho asubuhi. Maskini, bibi wa watu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi wa Baba, ule wa kazi iliyokwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Ankara imerudi na wino mwekundu. Alama za kosa mbili kubwa. Chini yake: sifuri, rudia.

Nikajitetea. Bawaba zimepanda bei, dunia imebadilika, saa yake ya ukutani inachelewa. Hakubishana. Alifungua kabati tu. Chini ya mwandiko wa Baba kulikuwa na mwandiko mwingine. Wangu! Bawaba nne, mia nne kila moja, tumemaliza saa tisa na nusu, ahsante Mwalimu.

Naapa sikumbuki kuandika. Kichwa kilikuwa kinapiga hesabu za wizi, mkono ukaendelea na mambo yake kama ulivyofunzwa.

Nilitamani kuingia kabatini nijifungie. Mwalimu alisema kwa miaka thelathini hajawahi kusoma ankara ya Baba kabla ya kusoma mlango, na hata jana alianza na mlango. Mlango, akasema, nimepata kumi kwa kumi. Ila kwa habari ya madirisha, keshamwita Msumari aje ayapime.

Jumamosi, 8 Machi

Msumari amekuja karakanani. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakucheka! Alisema Mwalimu alimwonyesha mlango, akauona mwandiko wa mzee, akajikuta ameketi sakafuni, mtu mzima na pikipiki yake nje. Akanikumbusha siku Baba alipoturudisha kwa miguu, jua la utosi, tukampe mteja skrubu zake tatu zilizobaki. Tulinung'unika njia nzima. Leo tumeicheka siku hiyo mpaka machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Namkumbuka sana Baba. Namkumbuka hata Msumari wa enzi zile.

Amemwambia Mwalimu kazi ile ampe mtoto wa mzee, kwani yeye hajaandika kitu nyuma ya mlango tangu aondoke kwetu. Madirisha ni yangu! Sharti la Mwalimu ni moja: kila fremu iandikwe nyuma, kama zamani.

Jumapili, 9 Machi

Nimeng'oa boksi ukutani. Nimeapa mbele ya randa ya Baba kwamba mkono huu hautaandika uongo.

Halafu nikafikiri. Mkono unaandika bei niliyolipa dukani, sivyo? Basi nilipe kubwa! Nimekwenda kumwona mwenye duka la vifaa. Amenielewa upesi mno. Atanitoza asilimia thelathini zaidi, kisha Ijumaa atanirudishia kwa mlango wa nyuma, akishakata chake. Saa yangu ya mkononi nayo nimeisogeza mbele dakika arobaini. Mkono utaandika ukweli mtupu. Baba angeona fahari!

Mpango una mambo mengi, na kichwa changu kinavuja. Kwa hiyo nimeuandika wote kwa penseli, nikalamba ncha kwanza, mahali ambapo hautapotea: nyuma ya fremu ya kwanza, niliyoimaliza leo. Kesho asubuhi naipeleka kwa Mwalimu.