Ngazi za Joto Kwenye Grafini

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kanipa hadi Ijumaa. Nisipopima joto linavyopita kwenye grafini, mashine ya baridi kali ninayofanyia vipimo anapewa Desimali, nami narudi kusimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miaka mitatu ya jasho! Desimali ni mwenzangu wa maabara. Hata umri wake huutaja kwa nukta. Leo kapita mara mbili akichungulia namba zangu. Nimefunika kwa boksi paneli inayoonyesha nguvu ya sumaku. Atachungulia kadibodi.

Mke wangu kashauri nimwombe Desimali aukague mtambo, eti mficha uchi hazai. Hajui siasa za maabara.

Jumanne, 5 Machi
Grafini ni utando wa kaboni, unene atomu moja. Ukiuweka kwenye sumaku kali, elektroni hukimbilia kingoni, na joto zinalobeba linatakiwa kupanda kwa ngazi. Nimezipasha kwa mkondo kiduchu wa umeme. Saa tano nzima: mstari bapa! Nilitamani kulia.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kauliza kwa nini nisitumie kipimajoto cha kawaida. Nikamweleza kwamba mgonjwa wangu haonekani kwa macho. Akasema basi nimwache apumzike.

Jumatano, 6 Machi
Ngazi! Moja, mbili, tatu, zimenyooka utadhani zimejengwa na fundi! Nimemwambia Profesa, Profesa kamwambia mkuu wa idara. Desimali kaomba kuziona. Nimemwambia asubiri makala itoke, kama watu wengine.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu tupu. Mbele ya idara nzima, Profesa kaondoa boksi. Sumaku: sifuri. Haijawahi kuwashwa! Nilimficha Desimali paneli, nikajificha na mimi mwenyewe.

Desimali, kwa upole wake unaoudhi, kasema kila ngazi yangu ilidumu dakika kumi na mbili nukta tano. Ndio muda wa kiyoyozi kuwaka na kuzima. Watu wamecheka hadi mhudumu wa usafi kaja kuuliza kuna nini.

Jumatatu, 11 Machi
Desimali kaiwasha sumaku asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana kapata ngazi za kweli. Mimi niko na mwaka wa kwanza, tunapima joto la maji kwenye bilauri.

Profesa kaniuliza nimejifunza nini. Unyenyekevu, nikajibu. Karidhika.

Kisha nimemwandikia mkuu wa idara kulalamikia ile sumaku. Ni mbovu. Nimefanya nayo kazi wiki nzima, sikuona nguvu yake hata kidogo.